Kibuyu na Tarumbeta: Habari za Kazi ya Mikono ya Vijana Katika Pwani Yetu

Apitaye Chumbageni wakati wa jioni huwaona watoto wakiburuta magari ya waya, magurudumu yake yamekatwa katika ndala kuukuu. Wengine hupiga debe, wengine hupiga gitaa la galoni walilolifanya wenyewe. Watu wazima wapitao husema, "Huo ni upuuzi, afadhali wakasome." Twataka kuonyesha ya kuwa kazi hiyo ya watoto ina asili ndefu katika nchi yetu, na ya kuwa dharau yetu nayo ina asili yake, wala si asili njema.

Zamani watu wa pwani walijifanyizia vyombo vyao vya ngoma wenyewe. Siwa ya Pate ilichongwa kwa pembe za ndovu, na urefu wake wapita mita 2. Siwa ya Lamu ilifanywa kwa shaba. Hizo zilikuwa fahari ya wakuu. Lakini watu wasio na cheo nao hawakukosa vyombo. Wadigo, ambao nchi yao yaanza kwetu Tanga na kufika karibu na Mombasa, walifanya kayamba. Matete hupangwa safu mbili na kufungwa kwa kamba, na katikati hutiwa mbegu ngumu. Likitikiswa, hulia kama mvua iangukayo juu ya makuti. Kijana hakulijua kwa kusomewa. Alikaa karibu na fundi, akashika kamba, akaharibu moja na mbili, hata la tatu likalia vema.

Wadachi walipoitwaa nchi, Tanga ndipo palipofunguliwa shule ya Serikali mapema katika miaka ya 1890. Wakati ule ndipo ilipoanza kujengwa reli ya kutoka Tanga kwenda bara, mwaka 1893, na Serikali ilitaka makarani, wakalimani na mafundi. Basi shule ile haikufundisha kusoma na kuandika peke yake. Ilikuwa na kiwanda cha kufundishia useremala na kazi nyingine za ufundi, na kiwanda cha kupiga chapa, ambacho kilitoa gazeti la Kiongozi hata Vita Kuu ya kwanza. Tena ilikuwa na bendi ya wavulana, wenye tarumbeta na ngoma za Kizungu.

Hapa tuangalie vizuri. Wavulana wale walijua kushika randa na kupanga herufi za chapa, lakini tarumbeta zao zilikuja kwa meli kutoka Ulaya. Walifundishwa kuzipuliza. Chombo ukipewa kimekwisha kufanywa, wajifunza kukitumia, lakini hujui kwa nini kinalia.

Miaka hiyo ngoma ya beni ilikuwa ikienea katika miji ya pwani, toka Lamu na Mombasa hata Tanga na Dar es Salaam. Watu walijigawa katika vyama, Marini na Arinoti, wakashindana kwa mavazi, kwa vyeo na kwa gwaride. Wamisionari wengi hawakuipenda, na Serikali iliitilia shaka. Wengine walisema, "Hawa waiga tu." Lakini mwanachuoni Terence Ranger, katika kitabu chake juu ya beni kilichotolewa mwaka 1975, ameonyesha ya kuwa vyama vile havikuwa vya kucheza tu, wenyewe walisaidiana pia katika ugonjwa na mazishi.

Kisha vikaja vita vya mwaka 1914. Mwezi wa Novemba mwaka ule watu walipigana hapa Tanga penyewe, na mwaka 1916 Waingereza wakautwaa mji. Askari na wapagazi wengi mno walizunguka nchi nzima, na waliosalimika walirudi kwao wakiwa na sauti za bendi masikioni. Tarumbeta hawakuwa nazo, wala fedha ya kuzinunua. Wangefanya nini?

Jibu twalipata kando ya Ziwa Nyasa, katika ngoma iitwayo mganda, na upande wa pili wa mpaka huitwa malipenga. Watu walitwaa vibuyu. Kibuyu hukaushwa na kutolewa nyama yake ya ndani, kisha hutobolewa tundu dogo. Juu ya tundu hubandikwa utando mwembamba wa buibui. Mchezaji haupulizi kama tarumbeta, bali huimba ndani yake. Utando hutetemeka, na sauti yake hugeuka ikawa kali kama ya shaba. Akitaka sauti nene, huunga vibuyu kwa nta mpaka viwe virefu. Ndivyo walivyopata bendi nzima, sauti ndogo na kubwa, katika mashamba yao wenyewe.

Mtu asiwacheke. Mwenye kufanya kibuyu kile alilazimika kujiuliza mambo ambayo mpiga tarumbeta hakuulizwa: kwa nini kirefu hulia nene? kwa nini utando ukilegea sauti hufa? Hayo ndiyo maswali ya elimu yenyewe, na mkono wake ulimjibu.

Basi dharau ilitoka wapi? Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizuru nchi za Afrika ya Mashariki, na pamoja nao alikuwamo Mwafrika mmoja mwenye elimu nyingi, James Aggrey wa Gold Coast. Walishauri ya kwamba shule za Waafrika zifundishe kilimo, afya na kazi za mikono. Shauri lenyewe halikuwa baya, lakini wazazi wengi waliingiwa na shaka. Waliona wana wa wenye kutawala wapewa vitabu, na wana wao wapewa majembe, wakasema, "Hii ni hila ya kutuweka chini." Hatuwezi kusema walikosa akili. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa shauri lake la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule isimtenge kijana na kazi ya watu wake. Hata hivyo katika shule nyingine jembe liligeuka kuwa adhabu ya mtoto aliyechelewa. Ajifunzaye kazi kwa adhabu ataichukia maisha yake yote.

Kwa hiyo yatupasa kutenga mambo mawili. Iko kazi ya mikono ambayo mtu huamriwa aifanye asiulize neno, na iko kazi ambayo humfanya aulize. Ya kwanza wazee wetu waliikataa kwa haki. Ya pili tusiitupe pamoja nayo. Hukwe Zawose, Mgogo, aliyefariki mwaka 2003, alipiga ilimba na zeze mbele ya watu wa nchi nyingi, na alifundisha vijana katika Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo. Chombo cha wazee wake hakikumzuia kwenda mbali.

Tena sisi tulio Wakristo hatuna udhuru. Katika kitabu cha Mwanzo twasoma habari za Yubali, baba yao wapigao kinubi na filimbi, na Tubal-kaini, mfua shaba na chuma. Wawili hao ni wana wa baba mmoja: muziki na ufundi ni ndugu. Katika Kutoka, Bezaleli alijazwa roho ya Mungu ili ajue kuchonga na kufua. Na Bwana wetu mwenyewe watu wa mji wake walimjua kuwa ni seremala.

Enyi wazazi na walimu, jaribuni jambo dogo. Mpeni mtoto debe, ubao na waya mmoja. Aukaze, aupige, kisha aubane waya katikati, kwenye nusu ya urefu wake. Ataisikia sauti ile ile, ila imepanda juu. Hapo amejifunza hesabu ya nusu kwa masikio yake, na hataisahau. Kisha mwulizeni theluthi italia namna gani, wala msimjibu. Mwacheni apime mwenyewe.