Sianofaji

Sianofaji ni virusi vinavyoambukiza sianobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea. Hupatikana katika maji baridi na baharini. Baharini hushambulia hasa jenasi mbili, Prochlorococcus na Synechococcus, ambazo hufanya sehemu kubwa ya usanisinuru katika bahari zenye joto. Sianofaji haziambukizi binadamu.

Jina na ugunduzi

Jina linatokana na maneno ya Kigiriki kyanos (buluu) na phagein (kula). Sianofaji ya kwanza ilielezwa na Safferman na Morris nchini Marekani mwaka 1963, kutoka bwawa la kusafishia maji machafu. Wingi wa virusi baharini ulitambulika baadaye, hasa kuanzia mwaka 1989, kwa msaada wa hadubini ya elektroni. Kwa kawaida mililita moja ya maji ya juu ya bahari huwa na virusi vya aina zote takriban milioni 10, yaani mara 10 hivi ya idadi ya bakteria.

Maambukizi

Sianofaji haiwezi kujisogeza. Huchukuliwa na maji mpaka igusane na seli inayoifaa. Hapo mkia wake hunasa kwenye molekuli maalumu za uso wa seli, kisha DNA yake huingizwa ndani. Seli huacha kazi zake na kuanza kutengeneza virusi vipya. Mwishoni hupasuka na kuviachilia. Kwa virusi P-SSP7, vinavyoambukiza Prochlorococcus, hatua hizo huchukua takriban saa 8.

Jeni za usanisinuru

Kutengeneza virusi kunahitaji nishati nyingi, na nishati hiyo hutoka kwenye usanisinuru wa seli. Protini moja muhimu katika kazi hiyo, iitwayo D1, huharibiwa na mwanga kila mara, hivyo ni lazima ibadilishwe upya. Seli iliyotekwa hupunguza utengenezaji wa protini zake. Kwa sababu hiyo sianofaji nyingi hubeba jeni psbA, inayotengeneza D1. Asili ya jeni hiyo ni sianobakteria wenyewe. Hivyo virusi huendeleza usanisinuru wa seli mpaka saa ya kuiua.

Kinga ya bakteria

Baadhi ya bakteria huokoka kwa mabadiliko ya jeni yanayogeuza uso wa seli, virusi visipate pa kunasa. Lakini kinga hiyo ina gharama: mara nyingine bakteria hao hukua polepole, au huwa rahisi kushambuliwa na virusi vya aina nyingine. Ndiyo maana pande zote mbili huendelea kuishi pamoja.

Umuhimu

Seli inapopasuka, kaboni, nitrojeni na chuma vilivyomo humwagika majini na kutumiwa na vijiumbe vingine. Kwa njia hiyo sehemu ya chakula ambacho kingeliwa na planktoni wanyama, na hatimaye samaki, hurudi kwa bakteria.