Sambusa za Kuchemsha

Mwenzangu mmoja, mshairi, aliusoma mswada wa hadithi niliyokuwa nikiifasiri, akaweka alama nyekundu palipoandikwa "sambusa za kuchemsha". Katika hadithi hiyo, familia moja ya kisiwani Taiwan inakusanyika mkesha wa mwaka mpya kula jiaozi, yaani nyama na mboga zilizofungwa ndani ya unga wa ngano na kutokoswa. "Sambusa ni yetu," aliandika pembeni. "Usiwape Wachina." Siku hizo nilikuwa Mwanza, na jibu nililitafuta sahanini.

Mgahawa wenyewe uko karibu na soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Mama mwenye mgahawa alibandua manda moja moja, akazikunja pembetatu na kuzijaza samaki wa sangara aliyetiwa vitunguu, pilipili na giligilani, kisha akaziba ncha kwa ujiuji wa unga. Nilikula tatu, kwa ndimu na chai ya rangi. Nilipomwuliza ujuzi ule ulitoka wapi, alicheka: "Baba, sisi tumezaliwa tumeukuta." Nikamweleza kwamba wako watu wanaozichemsha. Akafikiri kidogo. "Basi hizo ni za mgonjwa."

Jibu lake ni la haki, ila neno lenyewe linakumbuka mbali zaidi. Sambusa imetujia kutoka Kiarabu, na Kiarabu kiliipokea kutoka kwa Waajemi. Katika karne ya 10, al-Mas'udi alihifadhi katika kitabu chake, Muruj adh-Dhahab, shairi la Ishaq al-Mawsili, mshairi na mwanamuziki wa Baghdad aliyefariki mwaka 850, linaloeleza namna ya kuiandaa sambusa. Na al-Mas'udi huyo huyo ndiye aliyesafiri kutoka Kanbalu kwenda Oman kiasi cha mwaka 916, na Kanbalu hiyo wataalamu wengi wanaikisia kuwa ni Pemba. Sisemi kwamba aliishusha sambusa bandarini. Nasema tu kwamba shairi la sambusa na habari za visiwa vyetu vilikaa katika kichwa cha mtu mmoja miaka zaidi ya elfu iliyopita. Naye Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliikuta baadaye mezani kwa sultani wa Delhi.

Upande wa mashariki, katika makaburi ya Astana karibu na Turfan, wachimbuaji walikuta jiaozi zilizokauka za zama za Tang (618–907). Turfan ilikuwa kituo cha misafara baina ya China na nchi za Waajemi. Sidai kwamba jiaozi na sambusa ni ndugu wa tumbo moja. Ila njia moja iliwajua wote wawili.

Kufika Ziwani kulikuwa na milango miwili. Wa kwanza ni njia ya misafara ya pwani, ile iliyomfikisha Speke, pamoja na Sidi Mubarak Bombay, kwenye ufuko wa kusini mwaka 1858. Katika njia hiyo, Waarabu wa Unyanyembe walikuwa wakipanda ngano. Mlango wa pili ulifunguka mwaka 1901, reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu. Meli za Ziwani ziliiunganisha Mwanza na reli hiyo, na wafanyabiashara wa Kihindi wakafuata na maduka na majiko yao. Reli ya Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 tu. Sambusa ingeweza kupita mlango wowote.

Kilichomo ndani ndicho kigeni zaidi. Sangara alipandikizwa Ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Manda ina umri wa makarne; samaki wake hajatimiza hata moja. Taiwan nako ni vivyo hivyo. Kisiwa cha walaji wali kilipokea watu zaidi ya milioni moja kutoka bara kufikia mwaka 1949 na baada yake, na wengi wao walikuja na mapishi ya ngano.

Lakini safari hii haina usawa. Minofu ya sangara inakwenda Ulaya. Mabondo yake yanauzwa Hong Kong na China kwa bei inayoishinda minofu. Mama yule hununua mapanki, mifupa inayobaki viwandani, akaikwangua nyama. Mchina ninayemfasiri huenda anakula supu ya bondo la Mwanza, na aliyeishi kando ya maji anakula mkwanguo. Mwenzangu aliogopa tusije tukawapa neno letu. Samaki wetu wamekwisha kwenda.

Kwa hiyo nimeamua. Jina jiaozi nimelirudisha, kwani kila chakula kina haki ya jina lake. Lakini linapotokea mara ya kwanza, nimeacha maelezo yale yale: sambusa za kuchemsha. Mwenzangu na aweke alama tena.