Bei ya Homa: Kaya za Burundi na Gharama za Malaria, 2000–2006

Katika nchi jirani ya Burundi, watu wa nyanda za juu hawakuizoea malaria kama walivyoizoea wakazi wa bonde la mto Ruzizi na mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mwishoni mwa mwaka 2000, mlipuko mkubwa uliikumba mikoa hiyo ya milimani. Hadi mwaka uliofuata, wagonjwa walihesabiwa kwa mamilioni. Nchi ilikuwa vitani tangu 1993, na klorokwini, dawa ya bei nafuu, ilikuwa imeshindwa kuwaponya wengi. Mwaka 2003 serikali ilianza kutumia dawa mseto: bora zaidi, lakini ghali zaidi.

Wakati huohuo, hazina ilikuwa imekaukiwa kwa ajili ya vita. Mwaka 2002 ulienezwa utaratibu wa kurejesha gharama: mgonjwa alilipia kumwona mganga, vipimo, dawa na kitanda. Wanafunzi wangu, lilinganisheni jambo hili na neno letu *mchango*. Mchango hutolewa na wengi ili mmoja apumue. Hapa aliyeugua ndiye aliyeubeba mzigo wote.

Tena homa hiyo haikuchagua wakati mwema. Malaria huzidi majira ya mvua, mbegu zikiwa ardhini na ghala likiwa tupu. Ndipo kaya ilipouza mbuzi, ikauza mazao yasiyovunwa bado, ikakopa, au ikaachia kipande cha shamba. Mgonjwa alipona, lakini njaa ya msimu uliofuata ilikuwa imekwisha kununuliwa. Waliolazwa wakashindwa kulipa, wengine walizuiliwa hospitalini hadi jamaa zao walipopata fedha.

Mei 2006, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza matibabu ya bure kwa watoto walio chini ya miaka 5 na kwa akina mama wanaojifungua. Hospitali zilifurika mara moja, ishara kwamba wengi walikuwa wakiugulia nyumbani kwa kukosa fedha, wala si kwa kupuuza tiba. Hata hivyo, mzazi mwenye kushika jembe aliendelea kulipia homa yake mwenyewe, naye alipolala kitandani, shamba la watoto wale wale lililala pamoja naye.

Basi tunapoisoma bajeti ya afya ya nchi yoyote, tuulize: kile ambacho serikali haikulipa, nani alikilipa, na aliuza nini?