Mtambo Uani: Lutuku na Mzigo wa Mwenye Nyumba katika Maniema ya Kusini

Kasongo, katika Maniema, mashariki ya Kongo, ulikuwa mji wa misafara kabla ya kuwa mji wa Wabelgiji. Sefu, mwana wa mfanyabiashara Tippu Tip, aliutawala hadi majeshi ya afisa wa Kibelgiji Dhanis yalipouteka Aprili 1893; Kabambare, kituo cha njia ya Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, ikaanguka Januari 1894. Wakati huo Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umekwisha kuzuia pombe kali isiingizwe katika sehemu kubwa ya bara ambako haijazoeleka. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ulikwenda mbali zaidi: ulikataza kutengeneza pombe kali na hata kumiliki vyombo vya kuipikia. Hata hivyo lutuku, pombe kali ya mahindi na muhogo, ilienea Kongo nzima. Marufuku haikuuzima mtambo. Iliuingiza uani, na gharama yake ikamwangukia mwenye nyumba na jirani zake.

Ukitazama kazi yenyewe utaona kwa nini. Mahindi huoteshwa, hukaushwa na kusagwa, kisha huchanganywa na muhogo na kuachwa siku kadhaa yachachuke. Uji huo hutiwa kwenye pipa juu ya kuni, mvuke hupita katika bomba lililozamishwa kwenye maji baridi, na kileo hudondoka chupani. Kazi hii inataka maji, kuni na ukuta wa kujificha, na vyote vitatu hupatikana nyumbani. Kwa sababu hiyo moto hukaa karibu na paa la nyasi, harufu ya machicha huingia kwa jirani, na wateja huja usiku. Askari wakifika, mpishi, ambaye mara nyingi ni mama mpangaji asiye na shamba la kutosha, anaweza kuhama, lakini nyumba haihami. Mwenye kiwanja ndiye anayebaki kujibu, na tangu sheria ya 1973 ilipoifanya ardhi yote kuwa mali ya Dola, haki yake inategemea karatasi ambazo wengi hawana. Mtu wa namna hiyo hulipa ili yaishe, na malipo hayo humfunza anayeyapokea kurudi tena.

Wapo watakaosema kwamba sheria ilikuwa na haki, kwa kuwa lutuku huua. Madhara yapo, lakini wenye mkataba wa 1919 waliruhusu pombe kali kuingizwa kwa kiasi maalumu kwa ajili ya wasio wenyeji. Kama afya ingekuwa sababu pekee, ini la Mzungu lingelindwa pia. Tena kificho huongeza hatari: hakuna anayekagua bomba limetoka kwenye chombo gani, wala chupani kumeongezwa nini. Wengine watataja Uislamu, ambao misafara iliuacha Kasongo ukiwa na mizizi mirefu kuliko sehemu nyingi za Kongo. Lakini katazo la dini humfunga muumini kwa dhamiri yake, na wazee wa mtaa wanaweza kumwonya mpishi bila kumfilisi aliyempangisha chumba.

Je, leseni ingetosha? Nchi jirani zimekwisha kujaribu. Uganda, kwa sheria ya 1965, iliwataka wapishi wa enguli, pombe kali ya huko, wapate leseni na kuuza kwa kiwanda; wengi waliendelea bila leseni. Kenya ilipiga marufuku chang'aa, pombe kali yake ya kienyeji, mwaka 1980 na kuihalalisha mwaka 2010, na bado mwaka 2014 makumi ya watu walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli. Ruhusa bila mkaguzi ni karatasi tu, kama ilivyo marufuku bila mkaguzi. Kabambare, ambako dhahabu ya Namoya huvuta vijana wenye fedha za haraka, wanywaji hawatakosekana kwa amri.

Kwa hiyo kinachofaa ni kuutenganisha mtambo na nyumba: mapipa yatoke uani yawekwe mahali panapojulikana, penye maji na mbali na mapaa, chini ya macho ya mtaa na afisa wa afya, na mwenye nyumba awajibike kwa alichokijua na kukikubali tu. Karne moja ya kuadhibu kuta haijapunguza kiu. Imewafanya wenye kuta wawe maskini zaidi, na majirani wao waogope kusema.