Vena Zilizotutumka

Mama lishe mmoja wa Tunduma, jirani na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, alinionyesha nyuma ya mguu wake. Kamba ya kijani ilikuwa imejisokota kutoka chini ya goti hadi karibu na kifundo. "Ni mshipa," akasema. "Jioni unawaka moto." Zahanati alikokwenda aliandikiwa dawa ya mishipa ya fahamu.

Neno ndilo lililompoteza. Mshipa kwetu ni njia ya damu, ni neva, ni kano, na ukisema fulani "ana mshipa" wapo watakaoelewa ngiri au busha. Vitabu vya biolojia vilishatutenganishia: ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha. Tatizo la mama huyu ni la vena, na kitaalamu huitwa vena varikosi.

Wengi hutafsiri "mishipa iliyovimba". Siiafiki. Mguu uliovimba ni uliojaa maji, ukiubonyeza kidole kinaacha shimo. Hali hizo mbili zaweza kufuatana, lakini si kitu kimoja. Kiswahili kina kututumka. Mtu akifoka, au akijitwisha gunia la mchele, twasema mishipa ya shingo imemtutumka. Ya shingo hunywea akitulia. Ya mguuni hubaki, kwa sababu vali zake, yaani vile vilango vya ndani vinavyofungukia juu tu, zimelegea. Damu iliyopandishwa na misuli ya kigimbi hurudi chini, nayo vena hutanuka na kujipinda. Anayesimama kutwa mbele ya jiko, kama anayekaa kutwa kwenye usukani, kigimbi chake hakisukumi. Urithi, mimba, unene na umri huongeza.

Wala si ugonjwa wa wachache. Utafiti wa Edinburgh, Uskoti, ulioanza 1994, uliwapima watu 1,566 wa miaka 18 hadi 64. Vena kubwa zilizotutumka, hata kama ni kidogo tu, zilikutwa kwa wanaume wapatao 40 katika kila 100 na wanawake 32, na zilizidi kadiri umri ulivyopanda.

Basi ukifika kwa daktari, sema vena zimetutumka, umwonyeshe mguu ukiwa umesimama. Ukilala hunywea zisionekane. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usingoje kesho: huenda damu imeganda ndani.