Mkate Uliojazwa Njozi

Mwaka 1953 mwongozaji Luigi Comencini alikwenda Castel San Pietro Romano, kijiji cha mlimani kisicho mbali na Roma, akatengeneza huko filamu ya *Pane, amore e fantasia*, yaani "Mkate, Mapenzi na Njozi". Kisa chenyewe ni chepesi. Mkuu wa kituo cha polisi, mtu wa makamo, anahamishiwa kijijini na kumtamani Maria, msichana fukara mwenye punda. Maria anampenda askari kijana mwenye haya. Mkuu naye anaishia kwa mkunga. Watu walicheka, na mwaka 1954 filamu ikatunukiwa Dubu wa Fedha katika tamasha la Berlin.

Ninapofundisha udhibiti wa sanaa, huanza na filamu hii ambayo haikupigwa marufuku. Mtazameni anayeigiza mkuu wa kituo: ni Vittorio De Sica, yuleyule aliyeongoza *Ladri di biciclette* (1948), kisa cha mbandika mabango aliyeibiwa baiskeli aliyoitegemea kwa kazi, na *Umberto D.* (1952), kisa cha mstaafu ambaye pensheni haimtoshi kulipa kodi ya chumba. *Umberto D.* ilipotoka, Giulio Andreotti, kiongozi wa serikali aliyesimamia sinema, alimwandikia De Sica barua ya wazi gazetini akimlaumu kwa kuipaka Italia matope. Barua haina meno. Meno yalikuwa katika sheria ya Desemba 1949: mtayarishaji aliyetaka mkopo wa serikali alipaswa kwanza kupeleka hadithi yake ikaguliwe, na filamu iliyodhaniwa kuichafua nchi iliweza kunyimwa kibali cha kuuzwa nje. Hapakuwa na haja ya kumfunga msanii. Watumishi wa umma mnaonisoma mnaujua uzito wa muhuri usiogongwa.

*Umberto D.* ilikosa watazamaji. De Sica, aliyekuwa mwigizaji kabla ya kuwa mwongozaji, aliendelea kuigiza ili apate fedha. Wahakiki wakauita mtindo huu mpya, kwa kejeli, "uhalisia wa rangi ya waridi".

Mimi sikubali kwamba Comencini aliwasaliti maskini. Kuna mahali mkuu wa kituo anamkuta mwanakijiji akila mkate, anamwuliza ameujaza nini. Yule bwana anaufunua. Ndani hamna kitu. Anajibu kwamba ameujaza njozi. Ukumbi unacheka, na njaa imekwisha kutajwa waziwazi, katika filamu iliyopata kibali na kuonyeshwa hadi Marekani.