Sumbawanga, sukari na figo

Wasomaji wangu, mnajua maana ya Sumbawanga? Kwa Kifipa ni "tupa uchawi". Basi kuna ugonjwa ambao wengine bado wanadhani ni kulogwa: mtu anavimba miguu, nguvu zinamwishia, kumbe sukari imekula figo miaka mingi, kimya kimya.

Zamani halikuwa tatizo kubwa kwetu. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walichapisha utafiti wa vijijini Tanzania: wenye kisukari hawakufika hata mtu 1 kati ya watu wazima 100. Miji ikakua, tukazoea soda na viti vya ofisini.

Tiba nayo ikasogea. Mwaka 1993 captopril, dawa ya presha, ilionekana kupunguza kasi ya figo kuharibika kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza. Novemba 2017 Muhimbili ikapandikiza figo kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa India.

Lakini Sumbawanga hadi Muhimbili ni zaidi ya kilomita 1,000, na figo zikishakufa, damu husafishwa kama mara 3 kwa wiki.

Jamani, kama mzee wako ana sukari, mpigie leo. Muulize: mkojo umepimwa protini lini?